Chema Chajiuza, Machozi Yajitembeza

Wenzangu, nina ugomvi, na nautaja mapema ili asiyeutaka afunue ukurasa mwingine akasome mashairi. Nagombana na mtindo wa kuuza maisha ya mtu ili kuuza sabuni yake.

Mtindo huu umetuzonga kila upande. Mtu anauza mafuta ya nywele, lakini habari za mafuta huzisikii. Unasikia habari za mama wa kambo. Mwingine anauza vifaranga. Kabla hajakwambia ni kuku wa aina gani na wamepata chanjo zipi, keshakulaza na njaa yake ya mwaka ule, keshakurudisha nyumbani naye siku aliyofukuzwa shule kwa kukosa ada, keshakutoa vyombo nje naye siku ya kudaiwa kodi ya chumba. Ukishaanza kufuta macho, ndipo unaambiwa: haya, weka oda yako mapema, vifaranga vimebaki vichache. Ukienda kwenye semina ya ujasiriamali ni hayo. Ukifungua redio ni hayo. Ukiwasha simu ndiyo usiseme. Siku hizi hata chapati zina wasifu.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wangefufuka leo wangekuta cha tatu ambacho hakikuwamo katika hesabu yao: chozi, nalo linajitembeza kuliko kibaya chenyewe. Linapita nyumba kwa nyumba, limebeba kopo la bidhaa kwapani.

Hoja yangu ni moja, na mengine yote nitakayosema yanaizunguka hiyo. Machozi yakitangulizwa mbele ya bidhaa, kazi yake ni kumfunga mtu mdomo. Yanamfunga mnunuzi asiulize. Yanamfunga kijana anayetaka kujifunza biashara asihoji. Yanawafunga ndugu wa msimuliaji wasisahihishe. Mwishowe yanamfunga msimuliaji mwenyewe, maana hadithi ikishakuwa chapa ya biashara, mwenyewe haruhusiwi tena hata kupona.

Sasa nisije nikasingiziwa. Simkatazi mtu kusimulia maisha yake. Sisi tunaoandika tutamkatazaje? Shaaban Robert alituandikia Maisha Yangu, akatuandikia na wasifu wa Siti binti Saad, yule binti wa Fumba aliyetembeza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, hata sauti yake ikarekodiwa katika santuri kule Bombay kuanzia mwaka 1928. Mna dhiki ndani ya vitabu hivyo, mna na mauti. Lakini Shaaban Robert hakuwa na chungu cha kutuuzia mwishoni. Msomaji anabaki huru kupenda, kuchukia, kubisha, hata kusinzia. Uhuru huo ndio unaofanya maisha ya mtu yawe fasihi.

Wala simkatazi mfanyabiashara kujieleza. Fundi cherehani akiniambia, "Mimi nilifundishwa kushona na mzee fulani pale Kariakoo, suti nimeanza kushona mwaka fulani, na nikikuharibia kitambaa nakulipa," huyo kanieleza historia yake, nami nashukuru. Hiyo naiita historia ya kazi. Naweza kuipima. Naweza kwenda kwa huyo mzee nikauliza, naweza kuvaa hiyo suti nikaona mabega yamekaaje. Historia ya kazi inanifungulia maswali. Lakini akianza kuniambia alivyolala stendi na mvua ikamnyeshea, nitaulizaje habari za mishono? Nitaonekana sina utu. Nitalipa, nitavaa suti yangu ya mkono mmoja mrefu, nitanyamaza.

Tuangalie wafanyabiashara wa zamani wa pwani yetu hii walivyofanya. Pale Mombasa, tangu mwaka 1887, ipo nyumba ya biashara ya kanga inayojulikana kwa maneno matatu: Mali ya Abdulla. Kanga zao zimepigwa chapa hiyo pembeni. Mali ya Abdulla, basi. Haikuandikwa Abdulla alilia mara ngapi, wala bahari ilimtesa vipi. Jina ni dhamana: kitambaa kikichuja, unajua wa kumfuata. Halafu angalieni ujanja wa kanga yenyewe. Yale maneno yaliyoandikwa chini, lile jina la kanga, hayazungumzii maisha ya muuzaji hata kidogo. Yanazungumzia maisha ya mnunuzi! Mama anachagua jina linalomsemea yeye, la kumpelekea mke mwenzie ujumbe, la kumshukuru mama yake, la kumjibu jirani. Kanga inampa mnunuzi mdomo. Tangazo la machozi linamnyang'anya. Nani kasema hatukuwa na elimu ya matangazo?

Hata wamachinga wetu wana adabu kuliko hawa wa semina. Mmachinga anasimama juani, anapiga kelele: elfu mbili, elfu mbili, chagua mwenyewe, geuza, vuta, jaribu! Huenda ana shida kuliko sisi sote, lakini anachokunadia ni shati. Anakwambia vuta. Anakualika uipime mali yake mbele ya macho yake. Huo ni uungwana.

Hili linanigusa nyumbani, ndiyo maana nasema kwa ukali. Dada yangu anatengeneza siagi ya karanga. Hana kiwanda, ana mashine moja ya kusagia, masufuria, na makopo anayoyanunua kwa jumla. Alipelekwa kwenye mafunzo ya wajasiriamali wadogo, mafunzo yenyewe ya bure, na chakula cha mchana juu. Nilimsindikiza kumbebea sampuli. Ilipofika zamu yake kuieleza bidhaa mbele ya wenzake, akaanza vizuri tu: karanga nachukua Dodoma baada ya mavuno, nazianika upya, nachambua kwa mkono, natoa zilizosinyaa na zenye ukungu, ndipo nakaanga. Mwezeshaji, kijana mtanashati wa umri wetu, akamkatiza.

"Dada, samahani. Hapo bado hujaanza. Baba yupo?"

"Alishafariki."

"Lini?"

"Nikiwa darasa la nne."

"Sasa hapo! Anzia hapo hapo. Karanga mtu anazipata popote. Baba yako yuko wapi kwenye hili kopo?"

Watu wakapiga makofi. Dada akalitazama kopo, akamtazama yule kijana, akasema polepole, "Kaka, baba hayumo humu. Humu mna karanga na chumvi." Akakaa. Wale waliotangulia kulia walipata nafasi za kuendelea na awamu ya pili, yeye hakupata. Tuliporudi nyumbani tukamhadithia mama, na mama akatoa hukumu ambayo sijasikia mwanasheria akiitoa vizuri zaidi: "Msiba ulikuwa wenu, sikatai. Lakini mume alikuwa wangu. Mngeniuliza."

Wapo watakaosema dada yangu alikuwa na maringo. Haya, tufanye alikuwa nayo. Tuiache familia yetu, tuongelee karanga. Karanga zisipokauka vizuri, au zikihifadhiwa penye unyevu, zinaota kuvu, na kuvu hao wanatengeneza sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hiyo huioni kwa macho wala huionji kwa ulimi, na kukaanga peke yake hakuimalizi. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka inamharibu ini, na inaweza kumletea saratani ya ini. Akiila nyingi kwa mpigo inaua. Si hadithi za kutishia watoto: mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi niambieni, mbele ya kopo la siagi ya karanga, swali la mwenye akili ni lipi? Ni baba wa muuzaji alikufa lini, au ni karanga zilianikwa wapi na nani alizichambua? Dada alikuwa anajibu swali la pili kabla hajaulizwa, akaambiwa bado hajaanza! Sumukuvu haina huruma na yatima, wala haimuogopi mjane. Mnunuzi aliyelizwa akasahau kuuliza, anakwenda kumlisha mwanawe kitu asichokijua.

Hapo ndipo naposema machozi yanafunga mdomo, na midomo ikifungwa, mwenye bidhaa mbovu ndiye anayeneemeka. Ninayo mifano miwili kutoka nchi za mbali, tena kwa wenye fedha na elimu zao, mtu asije akadhani ujinga huu ni wa uswahilini tu.

Marekani alikuwepo binti anaitwa Elizabeth Holmes. Mwaka 2003, akiwa na miaka 19, alianzisha kampuni ya Theranos, akidai wamepata mashine ya kupima magonjwa chungu nzima kwa matone machache ya damu ya kidoleni. Kila alipopanda jukwaani alikuwa na simulizi: kwamba anaogopa sindano tangu utotoni, na kwamba alikuwa na mjomba aliyekufa kwa saratani iliyogunduliwa ikiwa imechelewa. Nani angemuuliza mtu aliyefiwa, hebu tuonyeshe majibu ya mashine yako pembeni ya majibu ya maabara ya kawaida? Wazee wazito kabisa, akina Henry Kissinger na George Shultz, waliokwisha kuwa mawaziri wa mambo ya nje wa nchi ile, waliketi kwenye bodi yake. Kufikia mwaka 2014 kampuni ilikuwa imethaminiwa kwa dola bilioni 9. Mwaka 2015 mwandishi wa habari John Carreyrou wa gazeti la Wall Street Journal akauliza lile swali la kijinga: mashine inafanya kazi? Ikaonekana vipimo vingi vilikuwa vinafanywa kwa mashine za kawaida za makampuni mengine, na mashine yao wenyewe haikuaminika. Mwezi Januari 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji, na Novemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Angalieni sana hapa: mjomba alikuwepo na alikufa kweli. Hadithi yaweza kuwa ya kweli, na mashine ikawa ya uongo. Ukweli wa msiba haukufanya damu ipimike.

Wa pili ni wa Australia, Belle Gibson. Huyu alisema ana saratani ya ubongo na anajitibu kwa chakula. Kwa hadithi hiyo akauza programu ya simu na kitabu cha mapishi. Mwaka 2015 alikiri kwamba hakuwa na saratani. Mwaka 2017 mahakama ikamtoza faini ya dola 410,000 za huko kwa kuwahadaa wateja. Simtaji huyu kwa kuwa ni mwongo tu. Waongo tunao wetu wa kutosha. Namtaja kwa sababu anatuonyesha mwisho wa njia hii. Soko likishaanza kununua vidonda, asiye na kidonda atajichora. Na mwenye kidonda kidogo atakipanua. Mashindano yale yale ya semina: aliyefiwa na baba anashindwa na aliyefiwa na wote wawili, na huyo anashindwa na aliyefiwa na wote wawili siku moja. Bei ya msiba inapanda, bei ya karanga imesimama pale pale.

Twende kwa kijana mwenzangu anayesikiliza hadithi hizi si kwa kutaka kununua bidhaa, bali kwa kutaka kujifunza njia. Huyu ndiye anayenisikitisha zaidi, maana anaibiwa bila kununua kitu. "Nilianza na shilingi elfu ishirini." Mmeisikia mara ngapi? Mtu ana duka la vipodozi lenye vioo mbele na kiyoyozi ndani, naye alianza na elfu ishirini. Hajataja kiwanja cha urithi. Hajataja shemeji aliyeko bandarini, wala mjomba aliyemdhamini benki, wala mume mwenye mshahara aliyelipa kodi ya fremu kwa miaka mitatu. Si kwamba anadanganya. Elfu ishirini ilikuwepo. Ila amekata kipande cha katikati, na kipande cha katikati ndicho biashara yenyewe.

Chukueni mfano wa mtu mkubwa tunayemheshimu, marehemu Reginald Mengi. Ukikaa kijiweni utaambiwa: alizaliwa kwenye umaskini kule Machame, akaanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake, akawa tajiri mwenye magazeti na televisheni. Ni kweli tupu. Lakini katikati ya umaskini na kalamu kuna mtu aliyekwenda Uingereza kusomea uhasibu, akarudi, akapanda hadi kuiongoza hapa nchini kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand. Mwenyewe hakuficha, kitabu chake cha mwaka 2018 kinaeleza. Wanaoficha ni wapiga debe wa semina, kwa kuwa uhasibu hauwalizi watu. Basi kijana anatoka hapo mbio kwenda kutafuta kalamu za kuunganisha, na hakuna aliyemwambia atafute daftari la mahesabu. Kalamu bila mhasibu ni kalamu tu, bwana.

Na kuna biashara ambazo bidhaa yake hasa ni hadithi, hakuna kingine. Tulikuwa na DECI hapa Tanzania. Watu walipanda "mbegu", yaani fedha, wakaahidiwa kuvuna zaidi. Waliotangulia kuvuna wakawa matangazo yanayotembea: jirani kalipa ada, jirani kaezeka bati, na jirani humwombi risiti. Mwaka 2009 serikali ikaisimamisha, na wengi waliopanda mwishoni hawakuona mche. Marekani nako, mwaka 2016, Herbalife, kampuni ya kuuza virutubisho kwa mtu na mtu, ilikubali kulipa dola milioni 200 baada ya tume ya serikali inayolinda walaji kuishtaki kwamba iliwadanganya watu kuhusu kipato watakachopata. Hadithi za waliofanikiwa zilikuwa mbele jukwaani; wengi wasioambulia kitu hawakuwa na jukwaa. Nani atamwalika aliyeshindwa aje kutoa ushuhuda?

Najua mtanijibu nini, na jibu lenyewe lina uzito, sitalikwepa. Mtasema: maskini hana mtaji, hana dhamana, hana wa kumshika mkono, hadithi yake ndiyo mali pekee aliyonayo, kwa nini umzuie asiiuze? Naam. Lakini hebu sikilizeni sentensi hiyo inavyosema. Mwenye fedha akitaka mkopo anaonyesha hesabu. Maskini akitaka mkopo aonyeshe kidonda. Mwenye kampuni kubwa ya saruji hajawahi kutuambia alilala njaa ngapi. Anatuambia mfuko una kilo 50. Kwa nini haki ya kunyamaza iwe ya mwenye saruji tu? Na nendeni benki na hadithi zenu muone. Afisa mikopo hataki kujua baba yako alikufa lini, isipokuwa kama aliacha hati ya nyumba. Machozi hayakubaliwi kuwa dhamana pale penye fedha za maana. Yanakubaliwa pale penye vijisenti, vyeti na picha za pamoja. Kumwambia maskini mtaji wake ni hadithi yake ni kumnyima mtaji kwa lugha tamu.

Mtaniletea na vikapu vya Rwanda. Hili nalo nalipokea kwa mikono miwili. Kuanzia mwaka 2005 maduka ya Macy's ya Marekani yaliuza vikapu vilivyosukwa na wanawake wa Rwanda, wakiwemo manusura wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na hadithi yao ilitangazwa pamoja na vikapu. Akina mama wale walipata fedha, wakasomesha watoto. Nani mimi nije kuwasema? Sisemi. Lakini kwanza, kikapu chenyewe, agaseke, ni kazi ya sanaa. Mshike kipofu atakusifia mshono. Pale bidhaa ilisimama kwa miguu yake. Pili, nina swali ambalo si kwa wasusi bali kwa wanunuzi: mtamruhusu lini mama yule aitwe msusi hodari tu, bila neno lingine mbele yake? Siku akichoka kusimulia, mtaendelea kununua? Kama jibu ni hapana, basi tangu mwanzo hamkuwa mkinunua kikapu.

Hilo ndilo nililoliita kufungwa mdomo kwa msimuliaji mwenyewe. Mtu wa kawaida akifiwa, analia, arobaini inapita, anaanza kucheka kidogo kidogo. Msiba unakaa mahali pake. Lakini mtu aliyeufanya msiba kuwa chapa hana arobaini. Kila maonyesho ya biashara ni matanga mapya. Akijenga nyumba ataificha, maana wateja wamezoea chumba kimoja. Akipatana na mama wa kambo ndiyo balaa kabisa, hana tena cha kuuzia mafuta. Na yule mama wa kambo je? Naye ana upande wake wa hadithi, ana majirani, ana wajukuu wanaosikia. Hakuna mtu aliyeishi maisha peke yake. Ukiuza yako, umeuza na ya mama, ya mke, ya kaka aliyelewa siku ile. Umewauza bila mgawo, na hata kauli ya kukanusha hukuwaachia.

Sasa nageukia kwetu, sisi wa kalamu, kwani ugomvi usiofika mlangoni kwako ni umbea tu. Hawa wauza machozi wengi hawajui kuandika. Wanakuja kwetu. "Wewe si mwandishi? Niandikie hadithi yangu, iguse, malipo tutaelewana." Na kijana mwandishi ana njaa, wote tunajua kwamba shairi halinunui unga. Sitamlaumu kwa kutafuta riziki. Ila namwomba, kabla hajakunja mikono ya shati, amuulize mteja wake maneno haya. Bidhaa inatengenezwaje? Fedha ya kuanzia ilitoka wapi, zote, siyo ile elfu ishirini? Kitu kikiharibika mnunuzi akirudishe wapi? Na watu waliomo ndani ya hadithi wamekubali? Mteja akijibu yote hayo, aandikiwe, na kwa Kiswahili kizuri cha kuvutia. Tangazo zuri si dhambi. Akikataa kujibu, basi alichokuja kununua ni pazia, na sisi si mafundi wa mapazia.

Wenzangu, kazi yetu katika vijarida hivi vidogo, vya karatasi nyepesi na wasomaji wachache, ni kulinda jambo moja ambalo wenye fedha hawalihitaji: kwamba mtu anaweza kumwambia mtu mwingine yaliyompata, na asiwepo mtu wa kupitisha kofia. Lugha ya kilio ikishazoea soko, siku tutakapoandika msiba wa kweli msomaji ataruka aya ya mwisho akitafuta namba ya kulipia. Tutakuwa tumepoteza chombo chetu cha kazi, na hakiuzwi Kariakoo.

Na wewe mwenye karanga, mwenye sabuni, mwenye vifaranga, sina vita nawe. Simama usifie mali yako hadi koo likauke. Sema umeianika siku ngapi, umeipima kwa mizani gani, alama ya TBS umeipata au unaihangaikia. Sema bei. Niambie vuta, geuza, onja. Nikiuliza swali gumu, furahi, maana anayeuliza ndiye anayetaka kununua. Machozi yako yaweke kwa watu wako.

Nimesema yangu. Mwenye hoja ya kunipinga aandike, kurasa zipo. Ila aanze na hoja. Asianze na njaa yake ya utotoni, maana hata mimi ninayo.